Njia ya Hewa: Historia ya Kupoza Kompyuta Zilizobanana

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mhandisi Robert Sullivan na wenzake wa Uptime Institute, taasisi ya Marekani inayoshughulika na uimara wa vituo vya data, walipima mzunguko wa hewa katika vyumba 19 vya kompyuta. Kwa wastani, mitambo ya ubaridi iliyokuwa ikifanya kazi humo ilikuwa na uwezo mara 2.6 ya uliohitajika. Hata hivyo, kabati moja kati ya kila kumi lilikuwa likivuta hewa yenye joto kupita kiasi. Asilimia 60 hivi ya hewa baridi ilikuwa ikirudi kwenye viyoyozi bila kupita ndani ya seva hata moja: ilipenya matundu ya nyaya sakafuni, ikatokezea nyuma ya makabati, ikapanda darini na kurudi ilikotoka. Matokeo hayo yangeweza kuchukuliwa kuwa habari ya uzembe wa mafundi wachache. Mimi nayachukua kuwa muhtasari wa miaka sitini ya kompyuta. Joto linaposumbua ndani ya kasha lililobanana, chanzo huwa mara chache upungufu wa ubaridi au udhaifu wa feni. Mara nyingi hewa imekosa njia, au imepata njia isiyofaa. Na hatua kubwa katika kazi hii zilipigwa na watu waliokaa chini kuamua hewa ipite wapi, si na waliotafuta feni yenye kelele zaidi. Hoja hii ina wapinzani wenye ushahidi mzito, nao nitawafikia.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu ubishi huu hauishi. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hatimaye hugeuka joto. Ukitaka kuondoa joto la kilowati moja kwa hewa ambayo hairuhusiwi kupanda zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi kutoka inapoingia hadi inapotoka, unahitaji takriban lita 83 za hewa kila sekunde. Feni ikizungushwa kwa kasi maradufu husukuma hewa maradufu, lakini hula umeme mara nane. Upinzani wa njia nao haukui kwa mstari ulionyooka: hewa ikilazimishwa kupita kwa kasi maradufu katika mwanya uleule, shinikizo linalotakiwa huwa takriban mara nne. Kwa maneno mengine, nguvu hupanda bei haraka kuliko faida yake, ilhali kupanua mwanya kwa sentimita moja kunaweza kuwa bure kabisa ikiwa mchoraji amelifikiria jambo hilo mapema. Kuna pia tabia moja ya hewa ambayo wanaofunga mashine huisahau: hufuata upenyo wenye upinzani mdogo, hata kama upenyo huo hauna kitu chochote cha kupozwa.

Waliojenga ENIAC walilijua hilo. Mashine hiyo, iliyozinduliwa hadharani Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, ilikuwa na mirija ya ombwe karibu 18,000 na ilikula kilowati 150 hivi. Ilipangwa katika paneli 40 zilizozunguka chumba kwa umbo la herufi U, na hewa ilisukumwa kupita ndani ya paneli hizo. Haikuachwa tu izunguke chumbani kwa matumaini kwamba itafika panapohitajika. Mhandisi wake mkuu, J. Presper Eckert, alijua kwamba mrija wa ombwe hufa kwa joto, na kwamba mashine yenye mirija 18,000 ambayo kila mmoja unaweza kuizima yote isingefanya kazi hata siku moja kama sehemu zake zingeendeshwa kwenye kikomo cha uwezo wake. Kwa hiyo aliiendesha mirija kwa umeme pungufu ya kiwango kilichopendekezwa na watengenezaji. Inafaa kuliweka hili akilini: tangu mwanzo upozaji ulikuwa na pande mbili, kupunguza joto linalozalishwa na kulipangia joto lililobaki pa kutokea. Wapinzani wa hoja yangu huushika upande wa kwanza. Sina ugomvi na upande huo, ila ule wa pili ndio uliosahauliwa mara nyingi zaidi.

Lakini kwa nini kubananisha? ENIAC ilijaza chumba kizima, na chumba kikubwa hupoa kwa urahisi. Jibu ni kasi ya umeme wenyewe. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga husafiri sentimita 30 tu, na ishara ndani ya waya huenda polepole zaidi. Mashine ikitakiwa kuhesabu haraka, nyaya zake lazima ziwe fupi, na nyaya fupi maana yake vifaa vikaribiane. Seymour Cray, mchoraji wa kompyuta zilizoongoza duniani kwa kasi kwa zaidi ya miaka ishirini, alilichukua jambo hilo kuwa sheria. Katika CDC 6600 ya mwaka 1964 alipachika transista kati ya bodi mbili zilizotazamana, zikashikamana kiasi kwamba hewa isingeweza kupita katikati yake kwa namna yoyote ya maana. Mwenzake Dean Roush, aliyekuja kwenye kompyuta na ujuzi wa majokofu, alipitisha freoni ndani ya makabati ya mashine hiyo. Miaka kumi na miwili baadaye, katika Cray-1, hakuna waya uliozidi futi 4, na hilo ndilo lililoipa mashine umbo la herufi C ambalo watu wengi walidhani ni urembo. Nyaya zilikuwa upande wa ndani wa C, ambako umbali kutoka safu moja hadi nyingine ni mfupi.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokaa vizuri. Ikiwa njia ya hewa ndiyo kila kitu, atauliza mtu, mbona waliobobea walihama kwenye hewa? Cray-1 ilitumia freoni. Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima, bodi na nyaya zake, ndani ya kimiminika cha Fluorinert kilichotengenezwa na kampuni ya 3M. IBM, kwa kompyuta yake ya 3081 iliyotangazwa mwaka 1980, iliunda moduli iliyobeba chipu zaidi ya mia moja, kila chipu ikikandamizwa na pistoni ndogo ya alumini yenye springi, nafasi iliyobaki ikijazwa gesi ya heli kwa kuwa heli hupitisha joto takriban mara sita ya hewa, na juu ya yote maji baridi yakipita kwenye bamba la chuma. Ushahidi huu ni wa kweli, na unaonyesha kikomo cha hewa. Hauonyeshi, hata hivyo, kwamba nguvu ilishinda njia. Itazame Cray-1 kwa karibu. Kila moduli yake ilikuwa bodi mbili zilizogandamana na bamba la shaba lililokaa katikati. Joto lilitoka kwenye chipu, likaingia kwenye bodi, likafika kwenye shaba, likakimbilia ukingoni, likapokewa na nguzo ya ubaridi iliyosimama wima na freoni ikipita ndani yake. Hakuna hatua iliyoachiwa bahati. Ugumu mkubwa wa mradi haukuwa kupata ubaridi wa kutosha. Ulikuwa kuzuia freoni na mafuta yake yasivuje kwenye viungio, hadi mbinu mpya za kuchomelea zilipopatikana. Pistoni za IBM nazo ni jibu la swali lilelile, joto lipite wapi. Chipu zilikuwa hazilingani kimo kwa tofauti ndogondogo, na springi ilihakikisha kila moja inaguswa. Wahandisi hawa walibadilisha msafiri, wakaendelea kuchora njia.

Kisha katika miaka ya 1990 likatokea jambo lililowashangaza wengi waliozoea mabomba. Teknolojia ya transista za CMOS, ambazo hula umeme zaidi zinapobadili hali kuliko zinapotulia, ilichukua nafasi ya zile za zamani zilizokuwa zikiwaka muda wote. Mwaka 1994 IBM ilianza kuuza kompyuta kubwa za CMOS zilizopozwa kwa hewa, na maji yakatoka vyumbani. Mtu angeweza kusema joto limekwisha. Lilikuwa limepungua kwa muda tu, na nafasi iliyopatikana ikaanza kujazwa tena. Safari hii kujaza hakukufanywa na wajenzi wachache wa mashine za thamani kubwa. Kulifanywa na kila mtu.

Kompyuta ya mezani ilikuwa na historia yake, na kwa hoja hii ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, kwa sababu huko hapakuwa na freoni ya kuficha uchoraji mbaya. Mfano unaotajwa kila mahali ni Apple III ya mwaka 1980. Steve Jobs hakutaka feni wala matundu ya hewa. Kasha zito la alumini ndilo lililotarajiwa kubeba joto nje. Mashine nyingi zilirudishwa zikiwa mbovu, chipu zikilegea kwenye soketi zake, na ushauri uliotolewa kwa wateja ni kuinyanyua mashine inchi chache na kuiachia iangukie meza ili chipu zikae tena sawasawa. Ni kisa kitamu, ndiyo maana kinapaswa kuangaliwa kwa tahadhari. Jerry Manock, aliyelichora kasha lile, alikataa lawama: alisema vipimo vilionyesha kasha linatoa joto ipasavyo, na kwamba kosa lilikuwa kwenye bodi, ambayo mistari yake ya umeme ilichorwa myembamba na karibukaribu mno. Mimi naona anaweza kuwa na haki kwa sehemu kubwa, na haki yake haiidhuru hoja yangu, kwa kuwa bodi iliyobanana na kasha lisilo na mlango wa hewa ni matokeo ya kosa moja, la kuamua sura na vipimo kwanza na kuliachia joto lijitafutie pa kutokea. Macintosh ya mwaka 1984 nayo haikuwa na feni, ila ilikuwa na matundu chini na juu, hewa ya moto ikapanda yenyewe. Hiyo ilifanya kazi, kwa shida, hadi watu walipoongeza vifaa ndani. Wafanyabiashara wengine wakapata soko la kuuza bomba la karatasi ngumu la kusimamisha juu ya mashine ili kuongeza mvuto wa hewa. Bomba la karatasi, lisilotumia umeme hata kidogo, lilisaidia kwa sababu lilirefusha njia ya kupanda.

Kompyuta za familia ya IBM PC zilianza mwaka 1981 na feni moja ndani ya pawasaplai, iliyovuta hewa kutoka kwenye kasha na kuitoa nyuma. Kwa pawasaplai ya wati 63.5 hilo lilitosha, na prosesa haikuhitaji hata hitisinki. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, prosesa zilipoanza kuvaa vipande vya alumini vyenye mapezi, kisha feni juu ya mapezi. Mwaka 1995 Intel ilitoa kanuni za ATX, ambazo kwa sehemu kubwa bado zinatawala makasha hadi leo. Katika toleo la kwanza, feni ya pawasaplai ilielekezwa kinyume: ivute hewa kutoka nje na kuipuliza ndani, moja kwa moja juu ya prosesa, ili feni ya prosesa iwe si lazima. Kwenye karatasi ni wazo la kubana matumizi. Katika utendaji, hewa iliyofika kwenye prosesa ilikuwa imekwisha kupashwa moto na pawasaplai yenyewe, na watengenezaji wakaigeuza feni irudi kutoa hewa nje. Feni ni ileile, kasi ni ileile, umeme ni uleule. Kilichogeuzwa ni mwelekeo tu. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwa upande wangu wa mjadala.

Na nyaya je? Kwa miaka mingi diski ziliunganishwa na bodi mama kwa utepe mpana wa karibu sentimita 5, uliokatiza katikati ya kasha na kuning'inia mbele ya feni. Mafundi waliukunja, wakaufunga kwa kamba za plastiki, na wengine wakauchana uwe mafungu ya kuviringwa. Kebo nyembamba za SATA zilipoingia sokoni kuanzia mwaka 2003, kupitisha hewa kulikuwa moja ya sifa zilizotangazwa, na kwa mara moja tangazo halikudanganya. Mwaka uliofuata Intel ilileta BTX, mpango mpya wa bodi na kasha uliojengwa kuzunguka mstari mmoja ulionyooka: hewa iingie mbele, ipite kwenye prosesa kwanza, kisha kwenye vifaa vingine, itoke nyuma. Kama mchoro, ulikuwa bora kuliko ATX. Na ulikufa. Kufikia mwaka 2006 Intel yenyewe ilikuwa imeanza kuuacha.

Pingamizi la pili, na kwangu ndilo gumu zaidi, linasimama juu ya kaburi la BTX. Mpango ule ulibuniwa wakati Pentium 4 aina ya Prescott, ya Februari 2004, ilipokuwa ikivuka wati 100 katika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tayari mwaka 2001 Pat Gelsinger wa Intel alikuwa amewaonya wahandisi wenzake kwamba mwenendo ukiendelea hivyo, joto kwa kila sentimita ya mraba ya chipu lingefikia la tanuri la nyuklia na kisha kulipita. Mwaka 2004 Intel ilifuta prosesa iliyokuwa ikitarajiwa kuirithi Prescott, ikafuta pia Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkurugenzi wake Craig Barrett akapiga magoti jukwaani kwa mzaha kuomba radhi. Kampuni iligeukia prosesa zenye viini viwili vya kasi ndogo, joto likashuka, na ATX ikaokoka bila kubadilishwa. Mpinzani atasema: umeona, aliyeshinda ni chipu baridi, njia nzuri ya hewa ikatupwa. Ataongeza mfano wa Green Destiny, kompyuta iliyojengwa na Wu-chun Feng na wenzake katika maabara ya Los Alamos mwaka 2002: prosesa 240 za Transmeta, zinazotumia umeme kidogo, katika kabati moja lililokula kilowati 3.2 hivi, lililowekwa kwenye ghala lenye vumbi na joto la karibu nyuzi 30 bila kiyoyozi. Kompyuta yao ya awali ilikuwa ikiharibika takriban kila wiki ghalani humo, hii haikuanguka. Tena Los Alamos iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi na kila lita hubeba joto pungufu. Hata hapo Nairobi upungufu ni wa karibu moja ya tano.

Nakubali zaidi ya nusu ya pingamizi hilo. Joto ambalo halikuzalishwa halihitaji njia, na hakuna mpangilio wa hewa unaoshinda chipu inayotumia nusu ya umeme. Lakini historia haikuishia pale chipu ilipopoa. Kila mara akiba ya joto ilipopatikana, ilitumika kubananisha zaidi, kwa sababu waliobananisha hawakuwa wakilipia joto. Hili linaonekana waziwazi katika biashara ya vituo vya data mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabati la upana wa inchi 19, lililorithiwa kutoka mitambo ya simu ya miaka ya 1920, lilianza kujazwa seva bapa za kimo cha yuniti moja, yaani milimita 44.45. Kampuni za kukodisha nafasi zilitoza kwa futi ya mraba. Mpangaji alilipia sakafu, joto likabaki tatizo la mwenye nyumba. Google, ikiwa bado changa mwaka 1999, iliweka bodi mama nne katika kila trei, zikiwa zimelala juu ya karatasi za gome la koki, bila makasha, ili kupata seva nyingi iwezekanavyo katika eneo lililokodiwa. Mwaka 2001 kampuni ya RLX ilipanga seva 24 katika kimo cha yuniti tatu. Wateja walipolinganisha bidhaa, waliuliza ni seva ngapi zinaingia kwenye kabati moja. Mahali hewa ingepita hapakuwa kwenye orodha ya maswali.

Seva ya yuniti moja ni mfano wa kufundishia wa kinachotokea mwanya unapokufa. Ndani yake haiingii feni inayozidi milimita 40 hivi. Feni ndogo kiasi hicho, ili isukume hewa ya kutosha kupita kati ya mapezi yaliyobanana na vijiti vya kumbukumbu vilivyosimama safusafu, lazima izunguke zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, ikipiga ukelele ambao aliyewahi kuingia chumba cha seva anaujua. Wachoraji wakaanza kuzipanga mbilimbili, moja nyuma ya nyingine zikizunguka kinyume, ili zipate shinikizo. Feni moja katika safu ikifa, tatizo linakuwa kubwa kuliko kupungua kwa upepo: hewa iliyosukumwa na wenzake hurudi kupitia tundu la ile iliyokufa, kwa sababu huo ndio upenyo rahisi kuliko yote. Ndiyo maana ndani ya seva nzuri utakuta kipande cha plastiki kilichofunika prosesa na kumbukumbu kama handaki. Ni kipande cha bei ndogo, fundi mwenye haraka hukitoa na kusahau kukirudisha, na joto la prosesa hupanda siku hiyohiyo.

Nje ya seva, chumbani, wazo lililobadilisha mambo halikuwa na gharama yoyote zaidi ya kusogeza makabati. Kompyuta kubwa za zamani zilipokea hewa kutoka sakafu iliyoinuliwa, ikaingia chini ya kabati na kutokea juu, kwa hiyo haikujalisha kabati linatazama wapi. Seva mpya zilivuta hewa mbele na kuitoa nyuma, lakini ziliendelea kupangwa zote zikitazama upande mmoja, kama madawati ya darasa, na safu ya pili ikawa inavuta pumzi ya moto ya safu ya kwanza, ya tatu ikavuta ya pili. Mwaka 1992 Robert Sullivan, wakati huo akiwa IBM, alipendekeza safu zitazamane: mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma, hewa baridi itolewe kwenye korido moja na ya moto ichukuliwe kwenye nyingine. Leo kila mtu anayeingia kituo cha data anaona mpangilio huo na kuudhani wa asili. Ulihitaji kufikiriwa, tena na mtu aliyejiuliza swali ambalo wauzaji wa viyoyozi hawakuwa na sababu ya kuuliza. Yaliyofuata ni nyongeza zake: vibamba vya kuziba nafasi tupu za kabati ili hewa ya nyuma isirudi mbele, brashi za kuziba matundu ya nyaya sakafuni, milango yenye matundu badala ya ile ya kioo iliyopendwa kwa sura yake, na hatimaye mapazia au kuta za kufunga korido kabisa. Swichi za mtandao, ambazo nyingi zilivuta hewa ubavu mmoja na kuitoa ubavu wa pili, ziliharibu mpango huo kwa miaka mingi, na zinauharibu bado pale zinaponunuliwa bila kuangaliwa.

Hewa ilipotenganishwa, ikadhihirika kwamba chumba hakihitaji baridi ya kiasi kile. Sababu ya kushusha joto hadi watu wavae makoti ilikuwa kwamba hewa ilichanganyika njiani. Ilibidi itoke kwenye kiyoyozi ikiwa baridi mno ili ifike kwenye seva ikiwa baridi kiasi. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kilipendekeza mwaka 2004 kwamba hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 20 na 25. Mwaka 2008 kikapanua hadi kati ya 18 na 27. Mwaka 2011 Facebook ilifungua kituo cha Prineville, Oregon, na kuchapisha michoro yake chini ya mradi wa Open Compute. Seva zake zilikuwa na kimo cha yuniti moja na nusu, ili ziingie feni za milimita 60 na mapezi marefu zaidi. Pambo la plastiki la mbele liliondolewa kwa kuwa lilizuia hewa. Kiyoyozi cha kawaida hakikuwepo: hewa ya nje ilichujwa, ikapozwa kwa ukungu wa maji, ikapitishwa. Kwa kila wati iliyofika kwenye seva, jengo lilitumia nyongeza ya wati 0.07 tu. Nusu yuniti ile ya ziada, ambayo muuzaji wa mwaka 2001 angeiita uharibifu wa nafasi, ndiyo iliyowezesha feni zizunguke polepole. Inabidi kusema pia kwamba njia hiyo ina masharti yake. Katika kiangazi cha mwaka huohuo wa 2011 mfumo wa kudhibiti hewa ya Prineville ulikosea, unyevu ukapanda hadi wingu likafanyika ndani ya jengo na pawasaplai kadhaa zikaharibika. Mwenye kufikiria kuiga mpango huo Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ya nje huja na unyevu na chumvi ya bahari, ana kazi ya ziada ambayo mtu wa nyanda kavu za Oregon hana.

Pingamizi la mwisho ni la sasa. Prosesa za akili bandia zimemrudisha Cray mlangoni. Chipu moja ya Nvidia H100 inaweza kula wati 700, na kabati la GB200 NVL72, lililotangazwa mwaka 2024 na kubeba chipu za michoro 72, hula takriban kilowati 120. Kwa hesabu ya lita 83 kwa kila kilowati, kabati hilo lingehitaji karibu lita 10,000 za hewa kila sekunde, kiasi ambacho hakipiti kwenye mlango wa kabati bila kuwa dhoruba. Maji, kwa ujazo uleule, hubeba joto takriban mara 3,500 zaidi ya hewa. Kwa hiyo mabomba yamerudi, na sababu ya kubananisha imerudi kuwa ile ya Cray: nyaya za shaba zinazounganisha chipu hizo lazima ziwe fupi. Hapo sina cha kubisha. Ninachobishia ni dhana kwamba kwa kuja kwa maji mambo ya hewa yamefungwa. Trei za kabati hilohilo bado zina feni, kwa ajili ya vifaa vidogo visivyofikiwa na bamba la maji, na feni hizo hupuliza ndani ya mwanya uliobaki kati ya mabomba. Nayo maji yakishatoka moto, mara nyingi hupelekwa kwenye radieta kubwa zilizopangwa juu ya paa au uani, zenye feni pana kuliko urefu wa mkono wa mtu, ili joto likabidhiwe hewa hatimaye. Wasimamizi wa vituo wanajua kinachotokea radieta hizo zinapobananishwa ili kuokoa uwanja: hewa ya moto inayotoka kwenye moja huingia kwenye jirani yake, maji hurudi yakiwa na joto kuliko ilivyokadiriwa, na mtu huagiza feni zizungushwe kwa kasi zaidi.